Nyota mkongwe aulizwe kazi iliyobaki, si umri wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa na gazeti lako kuhusu usajili wa majira ya baridi katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB. Mwandishi wa makala hiyo alidai kwamba nyota waliokwisha kupita umri wa miaka 36 ni mzigo kwa klabu zao, na kwamba uongozi wenye ujasiri huutua mzigo huo mara tu msimu unapokwisha. Ushahidi alioutoa ulikuwa mishahara yao. Nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka mingi, na nakubali kwamba hufika siku ambayo mchezaji, hata awe kipenzi cha mashabiki kiasi gani, hana budi kuachwa. Nisichokubali ni njia aliyoifuata mwandishi kufikia hukumu yake, kwa sababu mshahara hauwezi kutuambia kama mchezaji bado ana kazi ya kufanya uwanjani, na umri peke yake hautuambii mengi zaidi.

Nianze na fedha, maana makala yote ilisimama juu yake. Mchezaji anayeingia MLB hana uhuru wa kwenda anakotaka. Kwa kawaida, katika miaka mitatu ya mwanzo klabu humlipa inachopenda mradi isishuke chini ya kima cha chini kilichokubaliwa na chama cha wachezaji. Katika miaka inayofuata anaweza kupeleka madai yake mbele ya wasuluhishi. Na ni baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi ndipo anapokuwa mchezaji huru. Wengi hufika hapo wakiwa wamekaribia miaka 30, ilhali wapigaji walio wengi huwa katika ubora wao wa juu kabisa mwishoni mwa miaka yao ya 20. Maana yake ni kwamba fedha kubwa humfikia mchezaji zikiwa zimechelewa, na anayemtazama akiwa na miaka 38 huona mshahara mnono wa leo bila kuona miaka ambayo klabu ilivuna kwa bei ya kutupa.

Albert Pujols ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Alipoanza na St. Louis Cardinals mwaka 2001 alilipwa dola 200,000, akapiga homurani 37, yaani mipira iliyovuka uzio wa uwanja, na akachaguliwa kuwa mchezaji chipukizi bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB (nyingine ni American League). Katika misimu yake mitatu ya kwanza alipiga homurani 114, na mishahara ya misimu hiyo yote mitatu ukiijumlisha haikufika dola milioni 2. Miaka kumi baadaye, Desemba 2011, alisaini na Los Angeles Angels mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 240, na tangu siku hiyo jina lake likawa mfano wa kila anayetaka kuonyesha hasara ya kumlipa mkongwe.

Angels walipata hasara, sibishi. Katika miaka yote kumi ya mkataba ule walifika hatua ya mchujo mara moja tu, mwaka 2014. Lakini kosa lao lilikuwa lipi hasa? Walinunua miaka kumi kana kwamba yote ingefanana, kisha wakaendelea kumtumia Pujols karibu kila siku na katika nafasi za mbele za mpangilio wa wapigaji, muda mrefu baada ya miguu yake kukataa. Mkataba ulikuwa umekwisha kusainiwa, na katika besiboli ya Marekani mishahara ya mikataba ya namna ile hulipwa hata mchezaji akiachwa. Fedha zile zilikuwa zimekwenda. Kilichobaki mikononi mwa uongozi kila mwaka kilikuwa nafasi moja kikosini, na swali la nani aitumie na kwa kazi gani. Swali hilo lilicheleweshwa mpaka Mei 2021, walipomwondoa akiwa na wastani wa upigaji wa .198, yaani mipigo iliyofanikiwa isiyofika miwili katika kila majaribio kumi.

Hapo ndipo watu wengi walipofunga kitabu chake. Hata hivyo, Los Angeles Dodgers walimchukua mwezi huohuo, na Machi 2022 Cardinals wakamrudisha nyumbani kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 2.5, akiwa na miaka 42. Hawakumrudisha ili awe Pujols wa mwaka 2005. Walimpa kazi moja yenye mipaka: apige hasa dhidi ya warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, wanaotumia mkono wa kushoto, apumzike siku nyingine, na asisumbuliwe sana na ulinzi. Alicheza mechi 109, akapiga homurani 24, na 18 kati ya hizo alizipiga baada ya mapumziko ya katikati ya msimu. Tarehe 23 Septemba 2022, katika uwanja wa Dodgers, akafikisha homurani ya 700, idadi ambayo kabla yake ilikuwa imefikiwa na watu watatu tu: Barry Bonds, Hank Aaron na Babe Ruth. Cardinals walishinda kundi lao mwaka huo. Mtu aliyeachwa kwa sababu amezeeka alikuwa na kazi nzuri ndani yake miezi kumi na sita baadaye, akiwa mzee zaidi.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili liliwezekana, kwa sababu mara nyingi waandishi wetu hulitaja kama muujiza. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha mpigaji, na mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa karibu nne ya kumi ya sekunde. Katika muda huo anapaswa kuutambua mpira ni wa aina gani, kuamua, kisha kuzungusha gongo. Mikono ikipungua kasi hata kidogo tu, mpigaji mkongwe hulazimika kuanza kuzungusha mapema, na anayeanza mapema huamua kabla hajaona vya kutosha. Ndiyo maana mipira inayopinda humpumbaza mtu ambaye miaka mitano nyuma angeiacha ipite bila hata kutikisika. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia kama Pujols, mpira wa mrushaji wa mkono wa kushoto huonekana vizuri zaidi tangu unapotoka mkononi, na unapopinda kwa kawaida huja kuelekea kwake badala ya kumkimbia. Kwa hiyo ile sehemu ndogo ya sekunde aliyonyang'anywa na umri, hurudishiwa kiasi na upande wa mrushaji. Kocha anayelijua hili humpangia mkongwe siku zake. Asiyelijua humchezesha kila siku kwa heshima ya jina, kisha anashangaa.

Historia ya mchezo wenyewe inaunga mkono hoja hii. Hank Aaron alipovunja rekodi ya Babe Ruth tarehe 8 Aprili 1974 alikuwa na miaka 40, na klabu yake ya Atlanta Braves ilikuwa katika National League, ambako kila mpigaji alilazimika pia kucheza ulinzi isipokuwa anapoingizwa kwa zamu moja tu. Baada ya msimu huo Braves walimpeleka Milwaukee Brewers, klabu ya American League, ambayo tangu mwaka 1973 ilikuwa imeruhusu mpigaji mteule, yaani mchezaji anayepiga bila kulinda. Aaron akapata misimu miwili zaidi na homurani 22, akamaliza na 755. Tangu mwaka 2022 kanuni hiyo inatumika katika klabu zote 30, na mimi nashangaa kwamba makala yako, iliyozungumzia mustakabali wa wakongwe kwa urefu wote ule, haikuitaja hata mara moja.

Sasa nije kwa Joey Votto, kwa sababu mwandishi alimtumia kama ushahidi wake mkuu na nadhani alimsoma vibaya. Votto alicheza misimu 17, yote katika klabu ya Cincinnati Reds. Mwaka 2010 alikuwa mchezaji bora wa National League, na mara saba aliongoza ligi hiyo kwa uwezo wa kufika beisi, yaani vituo ambavyo mpigaji hukimbilia. Aprili 2012 alisaini nyongeza ya miaka kumi ya dola milioni 225, iliyoanza kuhesabiwa mwaka 2014, na mwishoni mwake klabu ilikuwa na hiari ya kumbakisha mwaka 2024 kwa dola milioni 20 au kumwachia kwa kumlipa milioni 7. Novemba 2023 Reds walichagua kumwachia. Mwandishi anasema waliokoa milioni 20. Hapana, waliokoa milioni 13, kwa kuwa zile 7 zililipwa kwa vyovyote vile.

Uongozi wa Reds wenyewe haukutoa hoja ya fedha mbele ya watu. Ulieleza kwamba kwa kikosi kilichokuwepo haukuona muda wa kutosha wa kumchezesha. Na kweli, walikuwa na vijana wengi wanaolinda eneo la ndani la uwanja, kama yeye: Elly De La Cruz, Matt McLain, Spencer Steer, Christian Encarnacion-Strand, Noelvi Marte. Votto alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa bega, na katika mechi 65 za mwaka 2023 alipiga homurani 14 huku wastani wake ukiwa .202. Ukiniuliza, uamuzi wa kumwachia ulikuwa sahihi, na nausema hivyo huku moyo ukiniuma, kwa sababu nilimpenda Votto kuliko mchezaji mwingine yeyote wa kizazi chake kwa ule uvumilivu wake mbele ya mrushaji. Alijiunga na Toronto Blue Jays, klabu ya mji aliozaliwa, akapiga homurani katika nafasi yake ya kwanza ya mazoezi ya Machi 2024, kisha akakanyaga gongo na kuumia kifundo cha mguu. Hakurudi tena ligi kuu. Agosti 2024 alistaafu akiwa na timu ya daraja la chini mjini Buffalo.

Lakini uamuzi sahihi hauwi ushahidi wa kanuni mbaya. Mwezi uliofuata baada ya kumwachia Votto, Reds hao hao walimsajili Jeimer Candelario kwa miaka mitatu na dola milioni 45, naye alikuwa mchezaji wa miaka 30, umri ambao makala yako ingeuita salama. Mwaka 2024 McLain aliukosa msimu wote kwa jeraha la bega, Encarnacion-Strand akaumia na kucheza mechi chache, Marte akafungiwa mechi 80, na timu iliyoshinda mechi 82 mwaka uliotangulia ikashinda 77. Candelario aliachwa Juni 2025, mkataba wake ukiwa bado una zaidi ya mwaka mmoja. Sisemi kwamba Votto angewaokoa. Mwili wake ulikuwa umekwisha kutoa jibu. Ninachosema ni kwamba aliyeihesabu milioni 13 ya mkongwe kuwa ujasiri anapaswa kuihesabu pia ile milioni 45, na akifanya hivyo ataona kwamba umri haukuwa kipimo kizuri cha hatari.

Kuna jambo moja la Votto ambalo hata hivyo ninalihesabu kuwa kosa la klabu, nalo halihusu takwimu. Msimu wa 2023 ulikwisha bila yeye wala mashabiki kuambiwa lolote la uhakika. Katika mechi yake ya mwisho nyumbani, watu walisimama na kumpigia makofi huku wakiwa hawajui kama wanamuaga au wanamsalimu. Mechi yake ya mwisho kabisa ilikuwa St. Louis, na alitolewa nje katika inningi (kipindi cha mchezo) ya kwanza kwa kubishana na mwamuzi. Miaka 17 ikaishia hapo. Klabu inayojua mwezi Septemba kwamba haina kazi ya kumpa mtu, na imwambie Septemba.

Miguel Cabrera wa Detroit Tigers alipata mwisho wa namna nyingine. Machi 2014, mkataba wake wa awali ukiwa bado na miaka miwili, Tigers walimwongezea minane kwa dola milioni 248. Kwa hesabu ya pointi na vikombe ulikuwa mkataba mbaya. Tangu mwaka 2017 mgongo ulimsumbua, mwaka 2018 mshipa wa mkono ukakatika, na mwaka 2019 timu ilipoteza mechi 114. Hata hivyo sioni kwamba kumwachia kungewafaa Tigers chochote, kwa kuwa wakati huo hawakuwa wakigombea ubingwa na fedha zilikuwa zimeshaahidiwa. Walimweka kuwa mpigaji mteule. Agosti 2021 alifikisha homurani 500, Aprili 2022 akafikisha mipigo 3,000 mbele ya watu wake mwenyewe mjini Detroit, na ilijulikana mapema kwamba 2023 ungekuwa msimu wake wa mwisho. Nafasi yake haikumnyima kijana yeyote ubingwa, kwa sababu ubingwa haukuwa karibu.

Kama gazeti lako linatafuta mfano wa kufuatwa, naona ulio bora ni wa Clayton Kershaw na Dodgers, ingawa yeye ni mrushaji na mwili wa mrushaji huchoka kwa njia zake. Tangu mkataba wake mrefu ulipokwisha mwaka 2021, kila majira ya baridi waliketi na kukubaliana upya badala ya kununua miaka mingi kwa mkupuo. Mwaka 2025 mshahara wake wa msingi ulikuwa dola milioni 7.5, na zaidi ya hapo alilipwa kadiri alivyofanya kazi. Akiwa na miaka 37 alishinda mechi 11 na kupoteza 2, akafikisha mitupo ya kuwatoa wapigaji 3,000 mwezi Julai, na Septemba akatangaza mwenyewe kwamba anastaafu, siku moja kabla ya kuanza mechi yake ya mwisho nyumbani katika msimu wa kawaida. Halafu ikaja mechi ya tatu ya fainali kuu ya MLB, iliyokwenda inningi 18. Katika inningi ya 12, beisi zote zikiwa na wakimbiaji wa Toronto, walimwita amkabili mpigaji mmoja tu. Alimtoa. Dodgers walishinda mechi hiyo, na baadaye ubingwa. Kazi ya mtu mmoja, dhidi ya mpigaji mmoja, na ilikuwa imepimwa sawasawa na alichobakiwa nacho.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba nafasi za kikosi ni chache. Ni kweli. Wachezaji wanaoruhusiwa siku ya mechi ni 26, na kila Novemba klabu hulazimika kuamua ni vijana gani iwaingize katika orodha yake pana ya wachezaji 40, la sivyo klabu nyingine inaweza kuwachukua mwezi Desemba. Mkongwe anayekalia nafasi bila kazi maalumu anaweza kuigharimu klabu kijana ambaye miaka mitatu baadaye angekuwa nguzo. Cardinals wenyewe walinufaika kwa kuachana na Pujols mwaka 2011: nafasi ya kuteua chipukizi waliyopewa kama fidia ndiyo iliyomleta mrushaji Michael Wacha, ambaye mwaka 2013 alikuwa mchezaji bora wa fainali ya National League na kuwasaidia kufika fainali kuu. Miaka kumi baadaye mchezaji yule yule akawafaa tena kwa kazi nyingine. Uamuzi wa kumwachia akiwa na miaka 31 na uamuzi wa kumrudisha akiwa na miaka 42 ulikuwa sahihi yote miwili, na hakuna kanuni ya umri inayoweza kuieleza kwa pamoja.

Ombi langu kwa dawati lako la michezo, Ndugu Mhariri, ni kwamba mtakapoandika tena kuhusu nyota mkongwe anayesubiri kujua hatima yake, pamoja na mshahara wake mtuandikie pia alicheza mechi ngapi, ni warushaji wa mkono upi waliomshinda na wa mkono upi aliowaweza, ni kijana gani anayesubiri nyuma yake, na kama klabu imekwisha kuzungumza naye. Neno "mzigo" naomba lisitumike kabla ya hayo kujulikana.

Wako katika kuupenda mchezo huu,

Msomaji wa siku nyingi wa kurasa za michezo